Muulize Anayeshika Daftari

Leo mazungumzo yetu ni juu ya programu za kompyuta na simu. Mama uliyeko jikoni, usizime redio: sitataja mambo ya ndani ya mashine. Nataka kusema juu ya kazi inayotangulia kabla mashine haijawashwa, na ile inayobaki wageni wa uzinduzi wakishakunywa soda na kuondoka.

Vijana wa mji wetu wa Uvira wameanza kuandika programu. Wanajifunza usiku kwa mega za bei nafuu, simu imechomekwa kwenye betri ya sola, na wengine wao ni hodari kweli. Mashirika nayo hayachoki kutoa TDR, yaani hati za masharti ya kazi: yanatafuta mtu wa kutengeneza programu ya kusajili waliohamishwa na mafuriko, ya kufuatilia mahudhurio ya wanafunzi, ya kuandika samaki wanaoshushwa ufukweni. Kazi inapata mtu, atelye inafanyika hotelini, picha zinapigwa. Rudi baada ya mwaka uulize ile programu. "Ipo." Ipo wapi? Ipo kwenye kompyuta ya kijana mmoja ambaye siku hizi anakaa Bukavu.

Mimi simlaumu sana kijana yule. Mradi uliharibika mapema, ulipoandikwa bila kumuuliza mtu anayeifanya kazi hiyo leo kwa kalamu. Kila kazi tunayotaka kuiingiza kwenye kompyuta tayari ina daftari lake mahali fulani, na daftari hilo lina mwenyewe. Ukimkosa huyo, hata ukiajiri fundi kutoka Nairobi, utatengenezewa kitu kizuri cha mtu mwingine.

Swali la kwanza la mradi wowote ni kwa nini tutoe pesa. Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lilitoka hapa hapa Uvira, ingawa halikuhusu programu. Kulikuwa na rekodi za aina mbili. Za kwanza zilikuwa za REGIDESO, shirika la maji: kila siku mitambo imesukuma maji kiasi gani. Za pili zilikuwa za kituo cha kutibu kipindupindu: kila siku wameingia wagonjwa wangapi. Watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, pamoja na wenzao wa hapa, walizikutanisha rekodi hizo, siku kwa siku, kuanzia 2009 hadi 2014, na mwaka 2015 matokeo yakachapishwa katika jarida la PLOS Medicine. Yalisema hivi: maji yasiposukumwa siku moja, wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zinazofuata huongezeka kwa wastani wa asilimia 155, ukilinganisha na siku ambayo maji yalitoka vizuri. Na katika wagonjwa wote wa miaka hiyo, asilimia 23.2 waliweza kuhesabiwa kwenye upungufu wa maji ya bomba. Karibu mmoja katika kila wanne.

Mama wa mtaa wa Mulongwe alikuwa anayajua hayo bila jarida. Bomba likikauka unachukua bidoni unakwenda mtoni au ziwani, na baada ya siku chache mtoto anaharisha. Lakini ujuzi wake haukuwa na tarakimu, na mtu wa bajeti, awe Kinshasa au Paris, hafungui mkoba kwa sababu mama wa Mulongwe anajua. Hoja ya mradi ndiyo hiyo: nani anaumia leo, anaumia kiasi gani, na kinachomuumiza ni nini hasa. Tena hoja ile ilisimama juu ya kazi ya watu ambao hakuna anayewapigia makofi: wa mitambo aliyeandika maji ya leo, na wa zamu aliyeandika wagonjwa wa leo, kesho wakaandika tena, mpaka miaka sita.

Sasa hoja ya upande wa pili. Mnaikumbuka RAM? Mwaka 2020 simu zetu zilianza kukatwa yuniti kwa ajili ya rejista ya simu za mkononi. Tuliambiwa ni kupambana na simu bandia na simu za wizi. Kwa upande wa mitambo mfumo ulifanya kazi, kukata ulikata. Ila aliyekatwa hakuona alichokipata, kelele zikaanzia sokoni zikafika bungeni, na mwaka 2022 ikafutwa. Fundi wa kompyuta hakuwa na la kurekebisha pale.

Kutoka hoja unakwenda kwenye jaribio, na hapa nawapeleka Kenya kidogo. Kutuma pesa kwa simu sote tunakujua. M-Pesa ya Vodacom iliingia Congo mwaka 2012, na Airtel na Orange wana za kwao. Lakini M-Pesa haikubuniwa kwa ajili ya kutumiana pesa. Nick Hughes wa kampuni ya simu ya Vodafone alikuwa na wazo lingine, akapata mchango wa serikali ya Uingereza wa kulijaribu: wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo ya Kenya, warudishe mikopo yao kwa simu badala ya kubeba noti hadi kwenye mkutano wa kikundi. Mwenzake Susie Lonie akatumwa Nairobi kusimamia. Oktoba 2005 wakaanza na mawakala 8 na wateja wasiozidi 500.

Wateja wakafanya yao. Wakarushiana pesa wao kwa wao. Wenye biashara wakalipana. Msafiri akaweka pesa kwenye simu asubuhi, akazitoa jioni alikofika, kwa sababu njiani kuna wezi. Upande wa Faulu, mahesabu ya mikopo ya vikundi na mfumo mpya hayakuelewana, watumishi wakawa na kazi mara mbili. Ndipo timu ile ikafanya uamuzi mgumu kuliko kuandika programu yenyewe: ikaliacha wazo lililoipatia pesa. Kampuni ya simu ya Safaricom ilipoizindua M-Pesa Machi 2007, marejesho ya mikopo hayakuwamo. Watu waliambiwa watume pesa nyumbani, basi. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wamepita milioni 1.

Kwa TDR zetu, jaribio lile lingeandikwa kuwa limeshindwa. Ripoti ingesema viashiria vya marejesho ya mikopo havikufikiwa, mratibu angeitwa ajieleze, na pesa za awamu ya pili zingerudi zilikotoka. Nimesoma hati nyingi za miradi zinazoahidi, tangu siku ya kwanza, kitu gani hasa kitatolewa mwezi wa kumi na mbili. Ukishaahidi hivyo, yote utakayojifunza katikati yanakuwa adui yako.

Tuje kwenye hati ya mahitaji, ile ambayo maofisini mwetu inaitwa cahier des charges. Hapa nataka tukae, maana ndipo miradi inapozamia. Tuseme kijana anataka kutengeneza programu ya AVEC, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana tulivyo navyo kila mtaa. Anawaza: mama ana jina, anaweka, anakopa, analipa. Siku mbili nimemaliza.

Aende kwanza mkutanoni, akae nyuma, anyamaze. Ataona kasha lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu. Mmoja akikosekana kasha halifunguki. Ataona kila mwanachama ana kijitabu, na kila hisa anayonunua inapigwa muhuri, kuanzia hisa moja hadi tano kwa mkutano. Kwa nini muhuri na si tarakimu? Asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri yake mwenyewe. Ataona noti zinahesabiwa mbele ya wote, na kabla ya kufunga kasha wanachama wanaambiwa salio walikariri. Mkutano unaofuata unaanza na swali: tuliacha ngapi? Utaratibu wa vikundi hivi ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa wanawake waliofanya kazi na shirika la CARE, na haukuenea Afrika nzima kwa bahati. Kila kipande chake kinajibu wasiwasi mmoja: nitajuaje kwamba sijaibiwa?

Halafu kijana analeta programu inayokaa kwenye simu ya katibu. Mahesabu yamekuwa mepesi, nakubali. Lakini jambo lililokuwa linaonekana na kikundi kizima sasa linaonekana na mtu mmoja. Akina mama watapiga makofi siku ya uzinduzi, kwa adabu, kisha wataendelea na mihuri yao. Wanasemwa kwamba hawapendi maendeleo. Wanajilinda tu.

Kijana aliyekaa nyuma akanyamaza angeandika hati nyingine. Hisa ikiingizwa, simu itamke jina na kiasi kwa sauti, wote wasikie; kwa Kiswahili hapa mjini, kwa Kifuliiru huko Lemera, kwa Kibembe huko Fizi. Muhuri ubaki kijitabuni. Mwanachama mwenye simu apate ujumbe mfupi. Na hesabu zisibadilishwe bila namba za siri za watu watatu, kama funguo za kasha. Hiyo ni programu tofauti, ina bei yake, na haimalizwi kwa siku mbili.

Na bado hajauliza ni pesa gani. Uvira tunatumia franga za Congo, tunatumia dola, na kwa anayevuka Kavimvira alfajiri na beseni lake, franga za Burundi nazo zimo mfukoni. Mama ananunua hisa kwa franga, anakopa dola hamsini, analipa nusu kwa dola na nusu kwa franga. Kwa kiwango kipi: cha siku aliyokopa au cha siku anayolipa? Cha kambisti au cha benki? Na ile dola yenye mchaniko mdogo ambayo hakuna muuzaji atakayeipokea, inaandikwa kuwa imeingia, au inarudi kwa mwenyewe? Kikundi kina jibu tayari. Limeandikwa pembeni mwa ukurasa kwa kalamu nyekundu, au limo kichwani mwa mweka hazina, na bila kumuuliza hulipati.

Kuna na jambo la saa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Serva iliyowekwa kwa saa ya Kinshasa itayaandika malipo ya saa sita na nusu usiku ya Uvira kuwa ni ya jana yake. Kama jana hiyo ilikuwa tarehe 31, malipo yameingia kwenye mwezi uliokwisha kufungwa, na mhasibu atatafuta tofauti hiyo mpaka macho yamuume. Mtu wa hapa angelitaja jambo hili siku ya kwanza, mradi tu aulizwe.

Juu ya muda sitasema mengi. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kubwa ya IBM iitwayo OS/360, aliandika mwaka 1975 kwamba mradi wa programu ukichelewa, kuongeza watu huuchelewesha zaidi, kwa sababu wapya wanafundishwa na wale wale waliochelewa. Wakubwa wengi bado hawajamwamini. Wakisikia tumechelewa wanauliza tuwaongezee wangapi.

Lakini sisi tuna machelewesho ambayo Brooks hakuyajua. Umeme wa SNEL unaondoka mchana mzima. Barabara ya Bukavu kupitia Kamanyola inakatika kwa mvua, au kwa risasi. Ziwa linapanda hadi kwenye nyumba za watu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe uliacha njia yake ukapita katikati ya mji. Tulizika watu, na maelfu wakabaki bila nyumba. Katika kila hati ya mradi kuna jedwali la hatari, na ndani yake utasoma "usalama: hatari ya kati". Ya kati maana yake nini? Andika kwa maneno ya mtu mzima: mpaka ukifungwa majuma matatu, nani anaendelea na kazi, analipwa kwa njia ipi kama benki imefungwa, na nakala ya kumbukumbu iko wapi nje ya Uvira? Kila jibu lina gharama yake. Betri ni gharama. Simu ya pili ni gharama. Kumfundisha katibu mwingine baada ya wa kwanza kukimbilia Burundi na watoto wake, hiyo nayo ni gharama, na sijawahi kuiona kwenye bajeti.

Kwenye maafa kama hayo, kusema haki, ndipo programu inapolizidi daftari kwa mbali. Daftari lililolowa halirudi. Kama ningekuwa natetea mradi wa AVEC mbele ya mfadhili ningeanzia hapo hapo, kwenye akiba za watu zilizokuwa zimeandikwa kwenye karatasi usiku ule wa Mulongwe, na maneno makubwa ya usasa ningeyaacha.

Ukiniuliza jinsi ya kugawa pesa, mimi ningezuia nusu mpaka baada ya uzinduzi. Najua mfadhili atakunja uso, maana mwaka wake wa fedha unaisha Desemba. Lakini programu huanza kujulikana inapoguswa na mikono mingi. Marekani, tajiri kuliko sote, ilifungua tovuti yake ya bima ya afya, HealthCare.gov, tarehe 1 Oktoba 2013, na siku hiyo ya kwanza walioweza kukamilisha usajili walikuwa watu sita. Sita tu. Waliiokoa kwa sababu walikuwa bado na pesa na watu wa kuita. Kwetu, siku ile ndiyo mkataba unaisha.

Kuna mfano mwingine ulio karibu nasi, wa mfumo ulioishi baada ya uzinduzi. Takwimu za afya za Congo, kutoka zoni za afya 519, zinaingia kwenye DHIS2, mfumo ulioendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na nchi nyingi. Angalieni unavyofanya kazi. Muuguzi mkuu wa kituo anajumlisha rejista zake mwisho wa mwezi, anajaza fomu ya karatasi, fomu inasafiri kwa pikipiki au kwa mtumbwi hadi ofisi kuu ya zoni, na huko ndiko mtu mwenye kompyuta anaiingiza. Wapo wanaocheka: karatasi tena, karne hii? Mimi sicheki. Aliyepanga alichora mstari: kompyuta itaishia pale umeme na intaneti vinapoishia, na karatasi itapokea kuanzia hapo. Una matatizo yake, fomu huchelewa na makosa huingia katika kunakili, lakini mfumo uko hai na wizara inautumia. Programu nyingi zilizotaka kumpa kila muuguzi simu ya kioo ziko wapi leo? Zipo Bukavu.

Kinachobaki ni kukabidhi, na hapa nina ugomvi na sherehe zetu. Mradi haukabidhiwi kwa kukata utepe. Kwa miezi kadhaa katibu ataandika mara mbili, kwenye daftari na kwenye simu. Hiyo ni kazi ya ziada. Alipwe, na mpango useme ni nani anayemlipa. Kila mwisho wa mwezi vitabu viwili vifunguliwe pamoja. Visipolingana, itafutwe sababu, na mara nyingine atakayekuwa sahihi ni daftari. Vikilingana miezi mitatu mfululizo, katibu mwenyewe ndiye atakayesema kama anataka kuendelea kuandika kwa kalamu. Akiendelea kwa siri, kuna kitu anakiona ambacho sisi hatujakiona, na ni vizuri tukarudi kukaa naye.

Halafu yapo mambo madogo ambayo hakuna anayeyauliza mpaka siku ya msiba. Jina la tovuti limeandikishwa kwa nani, na nani atalilipia mwaka ujao? Mkataba wa kutuma ujumbe mfupi uko kwa jina la kikundi au la fundi? Programu yenyewe, ile iliyoandikwa, nakala yake iko wapi, na fundi mwingine wa hapa mjini anaweza kuifungua akaielewa? Maneno ya siri yako kichwani mwa nani? Mwenye kikundi hahitaji shule ya kompyuta ili aulize maswali haya manne. Anahitaji kuyauliza kabla hajatia sahihi.

Na kabla ya awamu ya mwisho ya pesa kutoka, mimi ningetaka jambo moja lifanyike mbele ya kikundi. Kijana atoke nje, asimame uani. Katibu ashike simu, peke yake, abadilishe neno la siri, aingize malipo ya mtu mmoja kwa franga na ya mwingine kwa dola, afute kosa alilolifanya makusudi, kisha asome salio kwa sauti. Akiweza, kijana aitwe ndani alipwe. Akishindwa, pesa zibaki kwenye kasha, na juma lijalo kijana arudi kukaa naye.